Ukurasa wa Arobaini na Mbili

Benchi ni langu, watu wasidanganyane. Mbao nilinunua mimi Rosaline, misumari mimi, na hata ule mguu wa nne ambao ni tofali, tofali nilibeba mimi. Liko kati ya hadiwea inayouza rangi na kinu cha unga hapa Kitale, na kila asubuhi mafundi wa rangi wanakuja kukalia hapo na brashi zao ndani ya mikebe, wakingoja mwenye nyumba apite aseme anataka fundi. Mimi nauza kahawa ya tangawizi. Wakipata kazi wananiaga vizuri, wakikosa wananimalizia kahawa kwa maneno. Wa kudumu ni watatu. Kuna Twiga, jina lake la kuzaliwa Kipruto, mrefu mpaka ngazi anabebea wengine tu, yeye haihitaji. Kuna Wahenga, yaani Mukhisa, mtu wa Myanga, ambaye kwake rangi ni langi na methali anatia kila mahali, hata pale haiingii. Na kuna Medali, ndiye Kibe, aliyepewa hilo jina kwa sababu ya ovaroli yake ya miaka kumi na minane. Haijawahi kuoshwa. Kila doa ni kazi, na anakusomea kama cheti: bluu ya begani ni zahanati, kijani ya goti ni shule, nyekundu ya kola ni baa fulani ambayo hataki mke wake ajue. Hapa kwetu mwenye ovaroli chafu zaidi ndiye mkubwa, na hilo halina ubishi.

Sasa Ijumaa hiyo Medali akaja bila ovaroli. Alikuja amevaa sare ya kwaya, shati jeupe, tai ya kijani, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Mkononi ndoo. Akaisukuma chini ya benchi, akaketi taratibu kwa sababu ya kiuno chake.

— Sasa, akasema.

— Sasa gani? Twiga akaruka. Rosa, toa jiko! Huyu mzee amekuja na mafuta taa!

Nikainama nikaangalia. Ovaroli ilikuwa imezama ndani ya ndoo, mkono mmoja umetoka nje.

— Medali! nikasema. Umeloweka medali?

— Tangu jana jioni. Wacuka amekataa hiyo harufu kwa nyumba, ndio nikabeba.

Kama hungekuwa unamjua ungecheka tu. Lakini mimi nilijua hesabu yake ya siku. Miezi minne alikuwa amelala nyumbani baada ya kuanguka kutoka kwa ngazi kule Myanga, na wiki hii ndiyo alirudi benchi. Wacuka, mke wake, alikuwa amempa mpaka Ijumaa. Akikosa kazi mpaka Ijumaa, Jumamosi asubuhi anaenda Naitiri kupalilia vitunguu kwa shemeji yake Ngige. Na Ngige si mtu wa kupalilia kwake. Ni mtu anayesimama nyuma yako na kikombe cha maziwa akikuonyesha majani uliyoacha. Medali alikuwa amesema mbele yetu, macho yamelowa, kwamba heri aanguke mara ya pili.

Na kazi ilikuwa inakuja. Mwenye hadiwea alituambia Jumatatu kwamba kuna mama, anaitwa Waithera, anapaka nyumba kabla ya wageni wa mahari ya msichana wake, na Ijumaa asubuhi atapita hapa kuchagua fundi mmoja. Hiyo ilikuwa habari njema. Habari mbaya ni kwamba atakuja na kitabu kwapani.

Hicho kitabu ndicho kilichotuharibia wiki. Mwandishi anaitwa M. Chesang, na anaandika vitabu vidogo vya kufundisha watu kupaka rangi nyumba. Cha kwanza kilikuwa cha kuta. Cha pili, dari na madirisha. Hivyo viwili havikutusumbua, tena vilileta kazi, kwa sababu mtu alikuwa anasoma, anapanda juu, shingo inakataa kurudi, halafu anakuja kwa benchi langu akitembea kama ng'ombe ametegwa. Lakini cha tatu kinaitwa Kumjua Fundi. Twiga alikiona Bungoma mvua ilipomkimbiza ndani ya kibanda cha vitabu.

— Ebu rudia tena, Wahenga akasema, akipuliza kikombe. Ulisoma nini?

— Nimewaambia mara mia, bana. Ukurasa wa arobaini na moja, chini kabisa: "Kabla hujampa fundi kazi, mfanyie jaribio hili moja. Halijawahi kudanganya." Nikitaka kugeuza, jamaa wa kitabu akanipokonya. Ati kama sinunui nisubirie mvua nje.

— Na ukurasa wa arobaini na mbili?

— Si ndio sikuona!

— Ungenunua.

— Buda, ningenunua na nini, na brashi?

— Wahenga walisema, akili ni mali. Sasa wewe ulikosa zote mbili siku moja.

Medali akainua mkono kama yuko kanisani.

— Jaribio ni nguo, akasema. Fikirieni. Huyo Chesang ni mtu wa kusoma. Mtu wa kusoma anapenda usafi. Atasema fundi mzuri anapaka ukuta, hajipaki yeye. Ndio nikaloweka.

— Miaka kumi na minane, mzee! Twiga akasema. Umeua ushahidi!

— Afadhali niue ushahidi kuliko nipalilie vitunguu.

— Si nguo, Wahenga akasema. Ni mikono. Mama atakunusa mikono. Ikinuka thina, ile dawa ya kuzimua langi, wewe ni fundi. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Mimi nimejipaka thina asubuhi, mpaka kiwiko.

Akaninyoshea ninuse. Nikamwambia akiniletea hiyo mikono karibu na mandazi yangu tena, nitaikata.

— Nyinyi hamjui kitu, Twiga akasema. Ni balansi. Vitabu viwili vya kwanza ni ngazi, ngazi, ngazi. Mathe atakuambia simama na mguu moja, ushike kikombe kimejaa, ukimwaga umeenda. Ona.

Akasimama na mguu mmoja. Kwa urefu wake ule, watu wa kinu cha unga walitoka nje kuangalia.

— Rosa, jaza kikombe!

— Lipa kwanza cha jana.

— Hiyo ni ya kusimama, si ya kunywa!

— Wacha mchezo, Wahenga akasema, na sasa alikuwa amepata moto. Balansi ata nyani iko nayo. Mimi nafikilia zaidi. Fundi wa zamani alikuwa anajua ukuta kwa ulimi. Plasta mbichi ina chumvi. Ikikauka, chumvi inaisha. Huyo mama atakuambia, "Lamba hapa, niambie ni siku ngapi." Ukikosea siku, kwaheri.

— Kulamba ukuta?

— Mficha uchi hazai.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Utaelewa ukikua.

Medali akasema kama ni kulamba basi itakuwa mbuzi, maana mbuzi hadanganyi: unaleta mbuzi wa fundi, akilamba ukuta aliopaka mwenyewe, rangi ilikuwa na maji. Twiga, bado kwa mguu mmoja, akasema ati jalada la kitabu lenyewe limepakwa dawa, ukilishika na wewe ni mwongo, vidole vinabaki hapo. Wahenga akasema yeye ashasikia kwamba Chesang hayuko, kwamba ni watu kumi na wawili wamefungiwa chumba kimoja Nairobi na kampuni ya langi, kila mtu anaandika herufi yake, na wakimaliza wanapewa uji. Medali akauliza kama hao watu kumi na wawili wanaweza kutuona. Wahenga akasema, kwani satelaiti ni ya nini? Rangi ikibambuka huku inaonekana huko juu siku hiyo hiyo.

Mimi nilikuwa nacheka mpaka nimeshika meza. Na ndipo Twiga akashusha mguu.

— Kuna kitu sikuwaambia, akasema. Nilisoma pia ile mbele, pale mtu anashukuru watu.

— Sema.

— Imeandikwa hivi: "Kwa mafundi watatu kutoka Kitale waliopaka sebule yangu Kapsokwony rangi ya krimu tatu tofauti, wakaniapia ni moja. Bila nyinyi nisingeandika neno."

Wote watatu wakasogeleana kwenye benchi. Hata tofali nililisikia likikwaruza.

— Mafundi ni wengi, Medali akasema.

— Watatu?

— Watatu pia ni wengi.

— Kutoka Kitale?

— Kitale ni kubwa.

— Wakapaka krimu tatu?

Nikawaangalia mmoja mmoja. Wahenga alikuwa anasoma vidole vyake.

— Ni yule mwalimu! akasema mwishowe. Mwalimu wa uji!

— Mwalimu gani? nikauliza.

Wakaanza kusema wote pamoja. Kumbe miaka sita iliyopita walipanda Kapsokwony kupaka nyumba ya mwalimu wa sayansi aliyestaafu, mzee mpole, anawaletea uji saa nne na saa kumi, halafu anaketi kwa kona na daftari la kijani anauliza maswali.

— Nilidhani anaandika mahubiri, Medali akasema.

— Aliniuliza kwa nini tunapaka na plasta bado mbichi, Wahenga akasema. Nikamwambia, samaki mkunje angali mbichi. Akaandika! Akasema asante sana, akaandika!

— Na nyuma ya kabati? Twiga akamkumbusha.

— Aliuliza pia. Kwa nini huko hatupaki. Nikamwambia, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sasa mimi sikitaki, nitainama nikitafuta nini?

Twiga alikuwa amejilaza kwa mfuko wa unga akipiga miguu hewani.

— Na wewe Medali, nikasema, alikuuliza nini?

Medali akavuta tai yake.

— Aliniuliza ni lita ngapi zitatosha. Nikamwambia ishirini.

— Ulikuwa umeona sebule?

— Bado.

— Nyumba ulikuwa umeona?

— Nilikuwa bado kwa pikipiki, Rosa. Hata helmeti sijatoa.

Lita ishirini ziliishia ukuta wa pili. Wakatuma pikipiki Kimilili, krimu ya Kimilili ikaja imekonda kidogo. Ikaisha. Ya mwisho ilitoka hapa Kitale, na hiyo, Twiga alisema, ilikuwa krimu ya mtu mwenye malaria. Mwalimu aliposimama katikati ya sebule akageuka pole pole, Medali akamwambia ni jua, akaapa kwa jina la mama yake.

Tulicheka, na tukicheka hivyo nikaona Medali hacheki tena.

— Mnajua ile ngazi ya Myanga? akasema. Niliulizwa kama itafika. Nikasema itafika. Sikuwa hata nimeishusha kwa mkokoteni. Haikufika, nikaweka mkebe juu yake, nikapanda juu ya mkebe. Miezi minne nimelala nikihesabu mabati ya nyumba yangu. Yako thelathini na moja. Na sasa jaribio limeandikwa na mtu niliyemdanganya mimi mwenyewe. Ngige ashanoa jembe.

Nilimwonea huruma, na mimi si mtu wa huruma asubuhi. Nikamjazia kikombe bure.

— Usife moyo, Wahenga akamwambia. Mwenda pole hajikwai.

— Nilipanda pole, Mukhisa. Nikaanguka haraka.

— Wacha maneno, mathe anakuja! Twiga akasema kutoka kule juu anakoona mbali. Na kitabu iko!

Kila mtu akakimbilia jaribio lake. Sijawahi kuona kitu kama hicho na sitaona tena. Mama Waithera alipofika, mwanamke mfupi, kofia ya sufi, kikapu mkono mmoja, alikuta Twiga amesimama na mguu mmoja ameshika kikombe kama sadaka, Wahenga ameweka ulimi kwa ukuta wa hadiwea, na Medali amekaa wima na tai ya kwaya, mikono juu ya magoti, ndoo ya mafuta taa ikinuka chini yake.

— Hamjambo wazee, akasema.

— Hatujambo, tukajibu. Wahenga alijibu bila kutoa ulimi ukutani.

— Huyu mzee ni mgonjwa?

— Ni plasta ya siku elfu mbili, mama! Wahenga akasema, akitema vumbi. Imekauka kabisa! Nusa mikono!

Mama akarudi nyuma hatua moja. Akaniangalia mimi. Nikainua mabega nikamwambia akae, nikampa kahawa. Akanywa kidogo, akafungua kitabu mahali alipokuwa ameweka risiti, akaweka kidole.

— Mimi niko na swali moja tu, akasema. Chumba cha msichana wangu Vivian ni futi kumi kwa kumi na mbili. Ninunue rangi lita ngapi?

Jamani. Basi. Hilo tu. Wiki nzima ya ndimi na mbuzi na satelaiti.

— Ishirini! Wahenga akasema.

— Kumi na sita, mathe! Twiga akashusha mguu, kahawa ikamwagika.

— Ishirini na tano, lakini inang'ara!

— Kumi!

— Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Nunua arobaini!

— Nne! Mathe, nne, na nyingine tutabakisha!

Kidole cha mama kilikuwa bado kwa kitabu. Alingoja wamalize pumzi, halafu akageukia ile tai ya kijani.

— Na wewe mzee wa kwaya?

Medali akafungua mdomo. Nilimjua miaka mingi, na naapa niliona ishirini imekaa juu ya ulimi wake, tayari, imevaa viatu. Wahenga alikuwa anamsaidia kwa macho. Medali akafunga mdomo. Akaangalia ndoo. Jasho likamtoka kwenye shati jeupe.

— Sijui, mama.

— Hujui?

— Sijui. Ukuta unaenda juu futi ngapi? Madirisha ni ngapi? Plasta ni ya lini? Chini kuna rangi gani? Mimi sijaona hiyo nyumba. Nikikupa nambari saa hii nitakuwa nakudanganya, na mimi nimedanganya vya kutosha, aki. Nisamehe. Hata ovaroli sina leo.

Twiga akajifunika uso. Mimi nikaona vitunguu, safu kwa safu, mpaka Naitiri.

Mama Waithera akatoa miwani kwa kikapu, akavaa, akasoma kwa sauti ya kusoma somo kanisani:

— "Muulize lita ngapi. Akikujibu kabla hajauona ukuta, mnunulie kahawa, mshukuru, uende zako. Akisema hajui, mshike mkono, huyo usimwache."

Akafunga kitabu.

— Uko na tepu ya kupima?

Medali akaingiza mkono kwa mfuko wa suruali ya kwaya, akatoa tepu. Alikuja nayo. Akaivuta kwa haraka mpaka ikajifungua ikaanguka miguuni pa mama.

— Basi twende ukapime, mama akasema. Wageni ni Jumamosi ya wiki ijayo. Na hawa wawili, mama kahawa, wape kikombe kimoja kimoja, mimi nalipa. Imeandikwa.

Walikuwa hawajafika hata kwa kinu cha unga, Wahenga akashtuka kama mtu aliyeamshwa usingizini.

— Mama! Mama, ngoja! Hata mimi sijui!

— Mathe, mimi ndio sijui kabisa! Twiga akapiga kelele, mguu mmoja tayari barabarani. Niulize kitu ingine yoyote! Sijui!

— Mimi sijui tangu nizaliwe! Wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana! Mimi siambiwi, mama! Siambiwi!

Wakamfuata wakikimbia, mikebe inagongana, kila mmoja anajitangaza ujinga kwa sauti mpaka watu wa sokoni wakasimama. Kwa kona Medali akageuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka na alikuwa anacheka.

— Rosa! Pigia Wacuka! Mwambie Ngige apalilie vitunguu yake mwenyewe!

Nikapiga. Wacuka alipiga kigelegele mpaka nikatoa simu sikioni.

Halafu nikabaki peke yangu na benchi na ndoo. Nikafunga pua, nikavuta ile ovaroli nje, nikaikamua, nikaitandaza kwa ua wa hadiwea ikauke, maana Jumatatu ataihitaji. Niliikagua mbele na nyuma. Halikuwa limetoka hata doa moja. Bluu ya zahanati iko, kijani ya shule iko, nyekundu ya baa iko. Na pale kifuani, moja juu ya nyingine, krimu zote tatu za Kapsokwony.